Mzunguko wa Mizabibu: Dijon, Beaujolais na Arbois kwa Fedha Kidogo

Anayetaka kuzitembelea sehemu za mvinyo za Ufaransa kwa fedha kidogo hana budi kukubali kwanza kwamba sehemu nyingi hatazifikia. Bordeaux iko upande wa Bahari ya Atlantiki, Champagne iko kaskazini-mashariki ya Paris, Alsace inapakana na Ujerumani, na msafiri anayejaribu kuziunganisha zote kwa gari katika likizo moja ataimaliza bajeti yake kwenye mafuta na tozo za barabara kabla hajazungumza na mkulima hata mmoja. Kwa sababu hiyo mimi na dada yangu tulipoitandaza ramani mezani tulichagua mzunguko mdogo, wa kuanzia na kuishia Dijon, mji wa mashariki ya Ufaransa: kuteremka kusini kupitia vijiji vya Bourgogne hadi milima ya Beaujolais, kukata mashariki kuvuka tambarare ya Bresse hadi Jura, sehemu ya vilima karibu na mpaka wa Uswisi, kisha kurudi kupitia Arbois na Dole. Mzunguko una faida moja kubwa ya kifedha, kwa kuwa kampuni za kukodisha magari hutoza nyongeza nzito gari linaporudishwa katika mji tofauti na lilikochukuliwa.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda njia hiyo. Nimezaliwa Dodoma, katika nyumba ambayo ada za shule zilitoka kwenye zabibu, na tangu utotoni nimesikia wazee wakijadili bei ya kilo, mnunuzi aliyechelewa na mzigo uliokosa soko. Sikuvutiwa na majumba ya kifahari yenye milango ya chuma. Nilitaka kuona jinsi mkulima mwenye ekari chache anavyogeuza zabibu zake kuwa chupa yenye jina lake, na jinsi ushirika wa wakulima unavyojiendesha. Dada yangu anaishi Brussels, ana leseni ya Ubelgiji na hanywi pombe kabisa, jambo ambalo liliutatua mapema mgogoro mkubwa wa safari za aina hii. Sheria ya Ufaransa humruhusu dereva gramu 0.5 tu za kileo katika lita moja ya damu, na aliyepata leseni karibuni huruhusiwa gramu 0.2, ambazo hata glasi moja inaweza kuzivuka. Wanaosafiri bila mtu wa namna hiyo wajue kwamba kutema mvinyo baada ya kuuonja si utovu wa adabu. Kila chumba cha kuonjea kina chombo maalumu cha kutemea, na wakulima wenyewe hutema siku nzima.

Tulichagua mwezi wa Juni. Septemba, wakati wa mavuno, inavutia kwa macho, lakini vyumba hupanda bei na mkulima hana nafasi ya kumpokea mgeni, wakati Julai na Agosti Wafaransa wenyewe wako likizo na kambi za mahema hujaa. Juni mizabibu huwa imemaliza au inamaliza kutoa maua, siku ni ndefu, na mwenye shamba anaweza kusimama nawe nusu saa. Kwa upande wangu gharama isiyokwepeka ilikuwa viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kutoka Paris nilipanda basi la masafa marefu hadi Dijon, kwa kuwa kukodi gari Paris kungetulazimu kulipia siku nzima ya kupambana na foleni na maegesho bila kuona shamba lolote. Tulichukua gari dogo la gia za mkono, ambalo Ulaya ndilo la bei nafuu. Ni vyema mtu ajue mapema kwamba kampuni hizi huzuia dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kwamba kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa mezani.

Barabara kuu za Ufaransa, zile zenye alama ya herufi A, nyingi ni za kulipia, na sambamba nazo karibu kila mahali kuna barabara ya zamani isiyo na tozo. Tuliiwekea programu ya ramani sharti la kuepuka tozo, na tangu Dijon hadi tuliporudi hatukulipa senti kwenye kizuizi chochote. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 80 au 90 kwa saa badala ya 130, lakini aliyekuja kutazama mashamba hapotezi kitu kwa kwenda polepole. Mafuta tulijaza kwenye vituo vya maduka makubwa pembezoni mwa miji, ambavyo huuza kwa bei ya chini kuliko vituo vya barabara kuu, na tofauti hiyo peke yake iligharimia milo kadhaa.

Barabara ya D974 inayotoka Dijon kuelekea kusini inapita chini ya mteremko mwembamba ambao thamani yake haionekani kwa macho. Upande wa kulia kilima kinapanda taratibu, chenye mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi. Juu kabisa kuna msitu, katikati kuna mashamba ghali kuliko yote, na chini, karibu na barabara, kuna mashamba ya mvinyo wa kawaida. Hatua mia mbili tu zinaweza kutenganisha chupa ya euro 20 na chupa ya euro mia kadhaa. Wenyeji wamevipa vipande hivi vya ardhi majina na mipaka kwa karne nyingi, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia. Kilichonifurahisha ni kwamba kuvitazama hakulipiwi. Karibu na kijiji cha Vosne-Romanée tuliegesha gari, tukatembea kwa miguu hadi kwenye msalaba wa mawe unaoangalia shamba la Romanée-Conti, lenye ukubwa usiofika hekta mbili, ambalo chupa zake huuzwa kwa maelfu ya euro. Kibao kinamwomba mgeni asiingie kati ya mizabibu. Tulisimama ukutani, tukahesabu vichala vichanga kwenye shina la kwanza, na nikamwambia dada kwamba baba angesema shina hili limepogolewa kwa ukali mno. Ndivyo wanavyotaka wao: zabibu chache, zenye nguvu.

Kilomita chache kaskazini yake liko Clos de Vougeot, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ni shamba la hekta 50 hivi, limezungukwa na ukuta uliojengwa na watawa wa Cîteaux, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1098. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa ardhi hiyo, ikauzwa, na hadi mwaka 1889 bado shamba zima lilikuwa chini ya mmiliki mmoja. Leo ukuta ni ule ule, ila ndani yake kuna wamiliki wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu, na kila mmoja ana haki ya kuandika jina la shamba hilo kwenye chupa yake. Mtu aliyekulia katika ukoo uliogawana shamba la babu anaelewa hali hiyo bila kueleweshwa. Tofauti ni kwamba hapa ugawaji haukuua thamani, kwa sababu jina la ardhi linalindwa na sheria, na kila mwenye kipande analazimika kufuata kanuni zile zile za aina ya zabibu na kiasi cha mavuno.

Beaune ni mji mzuri na ghali. Maduka ya kuonjea ya katikati ya mji hutoza, na vyumba vya hoteli vilituzidi, hivyo tulilala kwenye kambi ya mahema kwa bei ya mlo mmoja wa mgahawani. Kambi za namna hii, nyingi zikimilikiwa na halmashauri za miji, ndizo mhimili wa safari ya gharama nafuu Ufaransa: zina maji ya moto, vyoo safi, na mara nyingi ziko umbali wa kutembea hadi katikati ya mji. Fedha tuliyookoa tuliitumia bila kusita kwenye kiingilio cha Hôtel-Dieu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, aliyekuwa chansela wa Mtawala wa Bourgogne, ili kuwahudumia maskini. Hospitali hiyo ilirithishwa mashamba ya mizabibu na wafadhili wake kizazi baada ya kizazi, na tangu mwaka 1859 mvinyo wake huuzwa kwa mnada kila mwezi wa Novemba kwa ajili ya kazi za tiba. Paa lake la vigae vya rangi ndilo linalopigwa picha, lakini kwangu ukumbi wa vitanda vyekundu vilivyopangwa safu mbili, macho ya mgonjwa yakielekezwa madhabahuni, ulikuwa na uzito zaidi.

Kuhusu chakula, kanuni yetu ilikuwa mlo mkubwa mchana na mkate, jibini na matunda ya sokoni jioni. Migahawa ya vijijini huwa na mlo maalumu wa mchana siku za kazi, unaopikwa kwa ajili ya mafundi na madereva, na kwa euro 15 hadi 18 tulipata sahani mbili au tatu. Maji ya bomba kwenye jagi hayalipiwi. Ni haki ya mteja anayekula, mradi ayaombe hivyo na asiagize ya chupa. Kati ya saa sita mchana na saa nane karibu kila mlango hufungwa, pamoja na milango ya wakulima wa mvinyo, na kwa hiyo tulipiga simu siku moja kabla kwa kila tuliyetaka kumtembelea.

Magharibi ya Mâcon ardhi inabadilika. Mwamba wa Solutré unasimama juu ya mashamba, na kuupanda hadi kileleni ni bure na hakuchukui saa nzima. Kutoka juu mtu anaiona tambarare ya mto Saône yote. Baada ya hapo mawe ya chokaa yanaisha na graniti inaanza, na hapo ndipo ilipo Beaujolais. Mwaka 1395 Philippe mwenye cheo cha Mtawala wa Bourgogne alipiga marufuku zabibu ya gamay katika nchi yake, akiiita mbaya na isiyo na uaminifu, akitaka watu wapande pinot noir. Gamay ilibaki kusini, kwenye graniti ambayo kwa kweli inaifaa, na ndiyo iliyotupa mvinyo bora kwa bei tuliyoimudu. Maeneo 10 yana haki ya kuuza mvinyo kwa majina yake yenyewe, yakiwemo Juliénas, Fleurie, Morgon na Moulin-à-Vent lenye kinu cha upepo kilimani. Katika maeneo haya chupa ya mkulima mzuri ilikuwa kati ya euro 10 na 15, kuonja kulikuwa bure, na adabu inayotarajiwa ni kununua chupa moja au mbili kabla ya kuaga.

Karibu na Morgon mzee mmoja alitupokea katika ghala lake, mikono ikiwa bado na udongo. Dada alimweleza kwamba yeye hanywi, naye bila kuuliza sababu akamletea maji ya zabibu zake mwenyewe, yaliyokamuliwa na kuchemshwa kabla hayajachacha. Aliposikia kwamba nimetoka mahali ambapo mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari au Machi na tena Agosti au Septemba, aliweka glasi chini. Alitaka kujua tunapogolea lini, shina linapumzika wakati gani, na kama wadudu hawatuli mwaka mzima. Nilimweleza jinsi kiangazi kinavyotusaidia na jinsi maji ya umwagiliaji yanavyotugharimu. Yeye akanieleza habari za baridi kali ya Aprili 2021, iliyounguza machipukizi katika sehemu kubwa ya Ufaransa kwa usiku michache. Mazungumzo ya namna hiyo hayamo katika ziara yoyote ya kulipia, na tuliyapata kwa sababu tulikwenda kwa mtu asiye na duka mjini.

Bresse tuliivuka kwa nusu siku, mashamba ya mahindi na kuku weupe pande zote. Jura ilitupokea kwa vilima vya kijani na malisho ya ng'ombe, na kwa mvinyo usiofanana na wowote niliouonja kabla. Mvinyo wa njano wa huku hukaa kwenye pipa la mwaloni kwa muda usiopungua miaka sita na miezi mitatu bila pipa kujazwa tena, chachu ikitanda juu yake kama utando wa maziwa, na huuzwa katika chupa fupi ya sentilita 62. Si wa bei rahisi, na haupaswi kuwa hivyo kwa muda unaohitaji. Tuligawana gharama ya chupa moja kwa ajili ya baba.

Arbois ndiko mwanasayansi Louis Pasteur alikokulia, na shamba lake la mizabibu nje ya mji lilimsaidia katika majaribio yake ya uchachushaji. Lakini nilichokiendea Arbois ni ushirika wake wa mvinyo, ulioanzishwa mwaka 1906, wakati mdudu filoksera kutoka Marekani alikuwa amekwisha kuangamiza mizabibu ya zamani na wakulima walilazimika kupanda upya kwa kubebesha zabibu zao kwenye mashina ya Kimarekani. Katika duka lao, baada ya kuonja, nilimuuliza mhudumu maswali ambayo nadhani hayaulizwi na watalii wengi: mwanachama analipwa lini, nani anapima sukari ya zabibu, na mzigo ukizidi unakwenda wapi. Alimwita mwenzake mwenye umri mkubwa zaidi, naye akanieleza kwa utaratibu kwamba malipo hugawanywa kwa awamu katika mwaka, kwamba ubora wa zabibu hupimwa mzigo unapopokelewa na ndio unaopanga bei, na kwamba mwanachama hutakiwa kuleta mavuno yake ushirikani badala ya kuyauza pembeni bei inapopanda. Kipengele hicho cha mwisho nilikipigia mstari katika daftari, kwa kuwa ndicho kinachovunja vyama vingi ninavyovijua.

Njia ya kurudi Dijon kupitia Dole haifiki kilomita mia moja. Tulijaza tangi kwenye duka kubwa la mwisho kabla ya mji, tukafunga chupa ndani ya nguo za safari, tukarudisha gari ofisi ilipokuwa karibu kufungwa. Dada tayari ameanza kuchora mzunguko wa pili: Alsace, kutoka Strasbourg hadi Colmar, ambako barabara kuu ya A35 haina tozo na njia ya mvinyo ya kilomita 170 hivi inapita kijiji hadi kijiji chini ya milima ya Vosges. Ameniachia kazi ya kutafuta kambi na namba za simu za vyama vya ushirika.