Niliporudi kwenye ofisi ya ajira ya chuo changu

Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2020, Kiswahili na Historia, katika chuo kimoja mjini Iringa. Ulikuwa mwaka wa korona. Vyuo vilifungwa Machi, tukarudi 1 Juni, na mitihani ikabanana hadi tukawa hatujui leo ni siku gani. Siku za mwisho nilizunguka na fomu ya kuondokea chuoni nikitafuta sahihi: maktaba, bweni, uhasibu. Katika mizunguko hiyo nikapita pia ofisi ya ushauri na ajira, chumba kimoja mwisho wa korido. Nilipewa karatasi, nikaandika jina, masomo yangu na namba ya simu, nikatoka. Sikukaa humo hata dakika tano.

Nikarudi nyumbani Makambako nikiamini nimejiandikisha.

Kwa miaka miwili nilifundisha kwa kujitolea katika shule ya kata. Wazazi walichangishana, tukawa tunapewa posho ya shilingi 80,000 kwa mwezi, mwezi ambao michango imetimia. Jioni nilifundisha tuisheni. Niseme wazi kwamba nilipenda ile kazi, na wale watoto nawakumbuka kwa majina mpaka leo. Lakini nilikuwa na miaka 26, nakula kwa mama, na kila nikiulizwa "mwalimu, ajira imetoka?" nilikosa la kujibu. Aprili 2022 serikali ilipotangaza nafasi 9,800 za walimu nilikesha kwenye mfumo wa maombi wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, nikipandisha vyeti. Sisi wa masomo ya sanaa tulikuwa wengi mno, na walimu wa sayansi na hisabati ndio waliohitajika zaidi. Majina yalipotoka niliyasoma mara tatu. Langu halikuwepo.

Ndipo nikakumbuka ile karatasi.

Septemba nilipanda basi la alfajiri hadi stendi ya Igumbilo, nikaingia chuoni. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, mkuu wa shule mstaafu, ambaye wanachuo wote walimwita Madam. Nikamsalimu, nikamweleza. Hakusema neno. Akafungua kabati, akatoa daftari kubwa la jalada gumu, akapekua mpaka kwenye jina langu. Pembeni palikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: "Novemba 2021, nimempigia mara nne, hapatikani." Shule moja ya Njombe ilikuwa imeomba mwalimu wa Kiswahili, na mimi nilikuwa wa pili kwenye orodha yake. Simu yangu ilikuwa imeibwa mapema mwaka huo. Nilisajili laini nyingine, nikawapa namba mpya ndugu, marafiki na mwenye duka. Ofisi ile haikunijia akilini.

"Mwanangu," akasema, "humu nina majina zaidi ya mia nne. Wanaonipigia kunijulia hali hawafiki ishirini. Shule ikiniuliza, ninamtaja ninayejua yuko wapi na anafanya nini."

Maneno hayo yaliniuma. Ndiyo yaliyobadilisha kila nilichofanya baadaye, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Nilidhani ofisi ya ajira ni sanduku: unatumbukiza jina, kazi inatoka. Kumbe ni mtu mmoja mwenye daftari na simu, ambaye wakuu wa shule wanamwamini kwa sababu hajawahi kuwapelekea mwalimu asiyemfahamu. Nyingi ya shule hizo ni za binafsi na za mashirika ya dini. Wanaanza kutafuta walimu Oktoba na Novemba ili Januari muhula unapofunguliwa wawe wamekamilika, kisha wanatafuta tena kidogo kabla ya Julai. Hawatangazi sana. Wanapiga simu kwa watu wanaowaamini.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa faili. Nilikuwa na vyeti tu, nikadhani vinatosha. Akaniuliza ziko wapi tathmini zangu za mazoezi ya kufundisha, zile fomu ambazo wasimamizi walijaza wakiwa wamekaa nyuma ya darasa. Sikuwa hata na nakala moja. Ikabidi niende idara ya elimu, na baada ya siku mbili za kufuatilia nikapata nakala nne. Moja ilinisifu kwa sauti na kwa kuwajua wanafunzi kwa majina. Nyingine ilisema naandika ubaoni muda mrefu mno nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo. Nikataka kuiacha hiyo ya pili. Madam akakataa. Akasema mkuu wa shule akiona sifa tupu atajua umechagua, na akiona kasoro iliyoandikwa miaka miwili iliyopita atakuuliza umeirekebishaje, nawe utakuwa na la kusema.

Humo tukaweka pia azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula mzima, maandalio matatu ya somo niliyoyatumia kweli, na barua ya mkuu wa shule niliyojitolea. Barua ile alinishauri niiombe kwa namna yake: isiishie kwenye "ana tabia njema", itaje vidato nilivyofundisha, vipindi vingapi kwa wiki, na kazi nyingine niliyopewa. Mkuu wangu aliandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Alitaja klabu ya kusoma niliyoianzisha, jambo ambalo mimi mwenyewe nisingethubutu kulitaja.

Kulikuwa na tatizo la jina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili, na herufi moja imetofautiana. Nikaenda kwa wakili, tukaandaa hati ya kiapo, na nakala za vyeti zote zikagongwa mhuri. Mwenye tatizo kama langu alimalize mapema. Siku ukiitwa kazini hakuna anayekusubiri.

Kisha tukaja kwenye somo la majaribio. Shule za binafsi haziajiri mwalimu kwa mazungumzo peke yake, lazima akaingie darasani wamwone. Madam aliwakusanya wahitimu watano tuliokuwa tunahangaika, akatupa chumba cha semina Jumamosi nzima. Kila mmoja alifundisha, wengine tukawa wanafunzi. Mimi nilichagua mnyambuliko wa vitenzi, mada ninayoipenda. Nikaanza: maana ya mnyambuliko ni hii, aina za kauli ni hizi, nikageukia ubao nikaanza kuorodhesha kutenda, kutendea, kutendewa, kutendesha, kutendana. Dakika ya sita akanisimamisha.

"Hao wanafunzi wamenyambua vitenzi toka wana miaka mitatu. Waulize wamefanya nini leo asubuhi."

Nilirudia somo lile mara tatu siku hiyo, na usiku nikaliandika upya lote.

Kati ya Oktoba na Novemba alinipeleka kwa shule tatu, yaani alipiga simu kwanza kisha nikatuma barua na nakala za faili. Ya kwanza ilikuwa imeshapata mtu. Ya pili haikujibu. Katikati hapo nilipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa ofisi ya shule fulani, akasema nimechaguliwa, nitume 50,000 za kusajili usaili. Nilikuwa na hamu ya kazi kiasi kwamba nilianza kuhesabu nitazikopa kwa nani. Kabla sijafanya lolote nikampigia Madam. Akajibu kwa neno moja: "Usitume." Shule inayotaka mwalimu haimtozi mwalimu. Namba ile haikupatikana tena kesho yake.

Shule ya tatu ilikuwa ya bweni ya wasichana mkoani Mbeya, nikaitwa kwa usaili mwishoni mwa Novemba. Walikuwapo mkuu wa shule, mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo, na mjumbe mmoja wa bodi. Maswali ya ofisini yalipita haraka. Mtaaluma alifungua ile tathmini yenye kasoro, akauliza kama nilivyotabiriwa, nikamweleza nilivyojifunza kuandaa ubao kabla ya kipindi. Kisha tukaingia darasani, wasichana 40 na kitu, baridi ya Mbeya, wote wamejikunyata kwenye masweta.

Nikawauliza wamefanya nini tangu waamke. Mikono ikainuka: tumefagia, tumepiga deki, tumechota maji. Nikachukua chota. Mwenzako akiumwa, nikauliza, maji yake nani anachota? Mmoja akasema, "Nilimchotea mimi, mwalimu." Nikamwuliza mgonjwa yeye aseme nini. "Nimechotewa." Na kiranja akiwatuma? "Anatuchotesha!" Darasa likacheka, kwa sababu kiranja alikuwa amekaa pale pale. Majina ya kauli nikayaandika mwishoni, wakati wao wenyewe walishaziona tofauti. Nilipogeuka, mjumbe wa bodi alikuwa anaandika chota kwenye karatasi yake. Nilitoka mle nikiwa nimesahau kwamba nilikuwa natafuta kazi.

Wakanitaka nifundishe pia Historia dakika 15, kwa Kiingereza, bila kujiandaa. Hapo nilikwaruza, lakini nilifika mwisho.

Wiki iliyofuata wakanipigia: mshahara 450,000 kwa mwezi, chumba ndani ya shule. Nikataka kusema ndiyo kwenye simu ileile. Madam alikuwa ametuonya tuombe siku mbili, nikaomba. Nikaenda kwake na kalamu tukapiga hesabu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 45,000. Kodi ya mshahara, kwa kiwango cha wakati ule, 10,800. Marejesho ya mkopo wangu wa chuo kwa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 67,500, kwa kuwa miaka miwili baada ya kumaliza ilikuwa imepita. Inabaki 326,700. Niliiangalia namba ile nikaelewa kwa nini walimu wengi wanagombana na waajiri mwezi wa kwanza: walisikia 450,000 wakaipangia yote.

Akaniuliza chumba kiko wapi. Bwenini, nikamjibu. Akaweka kalamu chini. Chumba cha bwenini maana yake wewe ndiye matroni, mlezi wa bweni, usiku na mchana, na kama haikuandikwa hakuna posho wala zamu. Alinifundisha kuuliza bila ukali: "Mkuu, nimefurahi sana. Naomba kufahamu majukumu ya bwenini yatakuwa siku ngapi kwa wiki, na kama yataingia kwenye mkataba." Nikauliza hivyohivyo, sauti ikitetemeka. Mkuu wa shule hakukasirika hata kidogo. Kwenye mkataba ziliandikwa zamu tatu kwa wiki na posho ya 60,000. Nilisaini ukurasa kwa ukurasa, nikabaki na nakala yangu.

Januari 2023 niliripoti. Jioni ya siku ya kwanza nilimpigia Madam nikamsomea anwani yangu mpya, namba ya simu, vidato nilivyopangiwa. Nikamsikia akipekua lile daftari. Akaniambia sasa kuna jambo moja ananidai: nikisikia mwalimu anaondoka hapa, yeye awe wa kwanza kujua.

Mei, mwalimu wetu wa Biolojia alipata nafasi serikalini. Nilikwenda kwa mtaaluma kabla hawajaanza kuulizia huku na huku, nikaomba ruhusa ya kupiga simu moja. Madam alinisikiliza, akauliza vipindi, akauliza kama maabara ina vifaa, akauliza mshahara. Kisha akasema ana kijana mmoja aliyempigia juzi tu kumjulia hali. Julai shule ilipofunguliwa nilimwona akishuka kwenye bajaji pale getini, begi mgongoni, faili mkononi. Nikaenda kumpokea.