Siku Bibi Alipoulizwa

Mwanangu alianza kubanwa na pumu akiwa na miaka mitatu. Tulikuwa tunakaa Ngamiani, Tanga, kwa mama mkwe wangu, nyumba ya vyumba sita na ua katikati, na kila mwenye chumba alikuwa na dawa yake. Huyu mayai ya kware, yule asali na tangawizi. Mimi nilikuwa na vidonge vya salbutamol vya duka la dawa. Nikimpa, mikono inamtetemeka hadi kikombe cha uji kinamshinda.

Kuna mahali walituandikia pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Hazikupita dakika tano tukawa nje. Ya bluu niliielewa upesi, maana mtoto akivuta unaona kifua kinafunguka. Ya kahawia, kila siku asubuhi na jioni, sikuielewa. Mtoto mzima anacheza mpira uani, dawa ya nini? Mama mkwe yeye hakutaka hata kuiona. Kwao Pangani alikuwa na binamu aliyekufa pampu mkononi, na tangu hapo neno lake lilikuwa moja: "Mtu akishaanza pampu, huyo hana siku." Nilimpa siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu nikaikuta nyuma ya gunia la mkaa. Sikuuliza nani kaiweka pale. Niseme ukweli, nilipata nafuu.

Mwaka 2014, akiwa na miaka saba, alibanwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Magharibi chetezo kilikuwa kimepita chumba kwa chumba kama kila Alhamisi. Saa sita usiku mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na hakuweza kulitaja jina langu mpaka mwisho. Hospitali wakamwekea mashine ya mvuke, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akalala.

Siku ya kuruhusiwa alikuja daktari kijana, mwanamke, akavuta kiti akakaa. Alianza na mtoto. "Ikikubana unasikiaje?" Mtoto akafikiri. "Kama mtu kanikalia." Kisha akanigeukia. Nilishajiandaa kusema uongo, lakini swali lake lilikuja kwa upande nisioutegemea: "Ile ya kahawia wengi wanaishia wiki mbili. Wewe ulifika wapi?"

"Siku kumi na mbili."

Akacheka, nami nikacheka. Akaeleza kwamba ya bluu inafungua njia za hewa zilizojibana, ya kahawia inatuliza uvimbe wa ndani, na uvimbe huo upo hata siku mtoto anapocheza mpira. Ni maneno ambayo yangemchukua dakika mbili yule wa kwanza. Halafu akauliza, "Nyumbani nani mwenye neno la mwisho kuhusu dawa?"

Nilinyamaza. Mtoto ndiye aliyejibu: "Bibi."

Bibi alikuwa nje kwenye benchi na chupa ya chai. Akaitwa. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akapewa kile kiti cha daktari, na daktari akakaa kitandani miguuni kwa mtoto. Nakiri kwamba niliudhika. Mimi ndiye niliyekesha, na sasa anaombwa ruhusa yeye?

"Mama, pampu unaiogopea nini?"

Akaisimulia habari ya binamu yake, yote, pamoja na jina la dau walilomsafirishia. Daktari hakumkatiza. Mwisho akauliza, "Ilikuwa ya rangi gani?"

"Bluu."

"Na ya kahawia?"

"Hiyo hakuwa nayo."

"Mimi sikumtibu, siwezi kusema kilichomuua. Ila mtu akiishi kwa ya bluu peke yake, ndani kunaendelea kuvimba."

Bibi akasogeza kiti. Akauliza kama dawa itamdumaza. Daktari hakukwepa: inaweza kumpunguzia kimo, kama sentimita moja hivi, akaonesha kwa vidole viwili. Bibi akavitazama vile vidole. "Baba yake mwenyewe mfupi."

Tukaanza kupatana. Tungeweza kubaki na ya bluu na kukimbilia hospitali kila akizidiwa, au kujaribu ya kahawia miezi mitatu kisha tukae tena. Alitutajia bei bila kuificha. Mimi nikachagua miezi mitatu, nikaomba dawa ikae pamoja na mswaki ili nisisahau. Akasema ni vizuri zaidi, maana baada ya kuvuta lazima asukutue, mdomo usije ukaota utando mweupe. Godoro la sufi akasema hawezi kuapa kwamba kulitupa kutasaidia, tuliache. Ukabaki moshi.

"Ubani siachi," bibi akasema.

"Basi tufanyeje, mama?"

Kimya kirefu. "Nitafukiza barazani. Yeye Alhamisi ashinde kwa shangazi yake mpaka Isha."

Kuna chombo cha plastiki kinachochomekwa kwenye pampu ili mtoto avute dawa taratibu; bei yake ilitushinda. Daktari akaomba chupa ya maji ya nusu lita, akakunja waya kwa umbo la mdomo wa pampu, akauchoma moto, akatoboa kitako cha chupa. Pampu ikaingia, akaziba pembeni kwa plasta. Mtoto akaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Pampu inabonyezwa mara moja, pumzi tano za taratibu. Bibi alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti.

Alhamisi iliyofuata chetezo kilitoka barazani. Bibi akaja chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaichukua chupa kwenye kikombe cha miswaki, akaigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Tundu hili limekaa upande, dawa inavujia hapa," akasema. "Hebu niletee waya."