Binti wa Watu

Nyumbani kwetu sasa anaishi binti wa miaka 16 aliyetoka nchi ya mbali kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Atakaa mwaka mzima wa masomo, akisoma shule moja na mwanangu wa kiume, na katika majuma haya swali ambalo limekuwa likinirudia kila jioni ni hili: je, huyu ni mgeni wa kuhudumiwa au ni mtoto wa kulelewa?

Kabla hajafika tulijaza fomu, tukatembelewa, tukaulizwa atalala wapi, nani wanaishi humu, na nani atakuwepo nyumbani akirudi kutoka shuleni. Maswali hayo hayakuniudhi hata kidogo, kwa maana ningekuwa mimi ninayempeleka mwanangu ugenini ningetaka yaulizwe mara mbili. Kilichonitetemesha ni ile hati ya wazazi wake ya kuturuhusu kumpeleka hospitali na kukubali matibabu kwa niaba yao. Niliishika karatasi yenye saini za watu wawili ambao sijawahi kuonana nao uso kwa uso, nikatambua kwamba wametukabidhi kitu ambacho hawana kingine mfano wake. Mipango ya namna hii si mipya. Shirika la AFS, lililotokana na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa katika vita vikuu viwili vya dunia, lilianza kupeleka wanafunzi wa sekondari kuishi na familia za ugenini mwaka 1947. Lakini kwa mzazi anayeweka saini, nadhani kila mara huwa ni mara ya kwanza.

Amana huogopesha, na mwenye hofu hufungia alichokabidhiwa. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kwa familia zinazopokea vijana. Tunamlinda mtoto wa watu asichoke, asikaripiwe, asiguse kazi, mpaka anabaki ameketi pembeni mwa maisha ya nyumba akiyatazama yakipita.

Tulikuwa tumemwachia upande mzima wa kabati, lakini kwa majuma kadhaa sanduku lake lilikaa wazi sakafuni, nguo zimekunjwa humo kama siku alipotua. Taulo lake lenye unyevu alilitandaza juu ya kiti cha chumbani, hakulitundika bafuni pamoja na yetu. Kila kitu alikiombea ruhusa: kunywa maji, kuwasha taa ya sebuleni, kufungua dirisha. Watu waliotutembelea waliisifu sana adabu yake. Mimi ilinisikitisha, kwa sababu mtoto anayeomba ruhusa ya kunywa maji hajajiona yuko kwao.

Mume wangu alitaka tumwache apumzike kwanza, naye alikuwa na hoja. Vijana wa umri huu wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na miili yao yenyewe huchelewa kuuhisi usiku, kwa hiyo kumwona amelala hadi jua limepanda si dalili ya uvivu. Zaidi ya hayo, anashinda kutwa akisikiliza lugha ambayo bado anajifunza. Mezani niliona jinsi alivyocheka akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuzitazama nyuso zetu kwanza ili ajue kama lililosemwa lilikuwa la kuchekesha. Kazi hiyo inachosha kuliko kubeba mizigo. Tulikubaliana kwamba wakati wa chakula azungumze mtu mmoja mmoja, na kwamba akinyamaza au akiomba kwenda kulala mapema asiulizwe sababu.

Hata hivyo nilishikilia kwamba apewe kazi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijaona ukali wowote katika usemi huo. Tulimwingiza kwenye zamu ya kuosha vyombo pamoja na mwanangu, na tukamwomba amsimamie mtoto wetu mdogo katika mazoezi ya hesabu, somo ambalo halihitaji maneno mengi. Jioni moja nilimsikia jikoni akimkaripia mwanangu kwa kurundika sufuria zenye mafuta juu ya glasi, kwa sarufi iliyovunjikavunjika lakini kwa sauti ya mtu anayeijua haki yake. Nilisimama ukumbini nikafurahi kimya kimya. Majuma mazima ya shukrani na tabasamu hayakuwa yamenipa faraja ya namna ile.

Baadaye kidogo ukaja unyonge. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza katika hotuba ya mwaka 1954 jinsi anayehamia ugenini anavyoanza kwa kupendezwa na kila kitu, kisha akageuka kukereka na kuchukia, ndipo hatimaye azoee. Kwetu mambo yalikuja hivyo hivyo: akaanza kuona kasoro katika kila tunachofanya, akawa analia baada ya kuzungumza na mama yake kwa simu. Wapo wanaoshauri simu za kwao zipunguzwe, na naelewa kwa nini, maana kijana anayeishi kwenye simu hawezi kuishi mahali alipo. Lakini kumnyang'anya sauti ya mama yake siwezi. Tulichofanya ni kupanga naye siku za kupiga, nami nikamwandikia mama mtu kumuuliza binti yake hutulizwa na nini. Alijibu kwamba aachwe peke yake kwa saa moja, kisha aitwe afanye jambo la mikono, bila mahojiano. Nimelifuata neno hilo kama nilivyoambiwa, na halijashindwa bado.

Yuko mwingine ambaye ni rahisi kumsahau katika haya yote, naye ni mtoto wa nyumbani. Mwanangu hakuwa na kinyongo na mgeni. Kilichomuuma ni kuona makosa yanayomletea yeye karipio yakipita kimya yanapotendwa na mwenzake. Alisema kweli, na sheria za nyumba zikawa moja kwa wote.

Zilijaribiwa Jumamosi iliyopita. Binti alitaka kubaki kwenye sherehe ya rafiki hadi usiku wa manane, akasema kwao anaruhusiwa. Nilimwambia kwamba siwapingi wazazi wake, ila saa ya kurudi kwetu ni ile ile anayorudi mwanangu, nami nitakuja kuwachukua wote wawili. Alirudi nasi, akapanda chumbani, akaubamiza mlango hadi fremu ikatikisika. Mume wangu alinitazama kwa wasiwasi. Nami nilisubiri hadi asubuhi, nikamwambia kwamba kukasirika ni ruhusa na kubamiza mlango si ruhusa, maneno niliyokwisha kumwambia mwanangu mara nyingi.

Kesho tuna mazungumzo ya simu na wazazi wake, familia zote mbili pamoja, naye ndiye atakayetutafsiria. Nimemwomba awaeleze habari ya mlango yeye mwenyewe, nasi tutaisikiliza akiisimulia. Amekubali, ila ameomba aanze na alama zake za hesabu.