Gitaa la nani hili?

Juzi fundi alikuja kuitia mafuta cherehani ya mama. Harufu ilipofika sebuleni nikaacha nilichokuwa nafanya. Mafuta hayohayo ndiyo niliyokuwa nikidondoshea vifungo vya kubania nyuzi vya gitaa langu, ile Westone, maana ilitoka kwenye kontena vikiwa vimekauka kabisa.

Naam, ile Westone. Mnaonijua mmechoka kuisikia, lakini kisa cha mzee sijawahi kukieleza vizuri.

Nililipata mwaka 2004, kwenye godauni la vitu used kutoka Uingereza, limelazwa kati ya pasi na magari ya watoto. Thunder I-A, rangi ya mbao yenyewe, zito mpaka bega linalalamika. Muuzaji alilifungua mgongoni akaona nafasi ya betri, ile ya mraba ya volti 9 tunayotia kwenye maiki, akaamua ni la kuchezea watoto. Sikumbishia. Betri ile ni ya sakiti ndogo ya kuongezea sauti nguvu, lakini si kazi ya mnunuzi kumfundisha muuzaji.

Jina lenyewe halikudumu. Lilivuma miaka ya 1980, hasa Uingereza, kwa vijana ambao mfuko haukufika kwenye Fender wala Gibson. Kiwanda chake, Matsumoku cha mjini Matsumoto, Japani, kilifungwa 1987. Kazi ikahamia Korea Kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 gitaa jipya la Westone likawa halipatikani tena. Ukilitafuta leo unaletewa vipokea sauti vya masikioni, kampuni nyingine kabisa. Kilichonifurahisha ni kwamba Matsumoku, kabla ya magitaa, walikuwa wakitengeneza makabati ya mbao ya cherehani za Singer. Nilipomwambia mama, aliyetulea kwa Singer, alisema basi gitaa nalo lilipe kodi ya nyumba.

Mzee alikuwa mteja wa mama. Alikuja kupunguziwa suruali, jioni moja, nami niko barazani nahangaika na nyuzi. Ujana wake wote alipiga solo kwenye bendi ya jumuiya moja, zile bendi ambazo mwenye mali akibadili jina na bendi inabadili: NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU. Hakuniomba gitaa. Alimwomba mama maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifutia kipande cha kitenge kilichobaki kwenye kushona, ndipo akaketi kwenye benchi na kunyoosha mkono.

Kwanza hakulipiga. Aliliinua akaiangalia shingo kwa jicho moja kama mwindaji anayelenga swala. Akabonyeza uzi mmojammoja, akasonya kwa ule wa tatu. Alikaza, akalegeza, akakaza tena. Halafu, bila amplifaya, bila waya wowote, akaanza kucharaza nyuzi mbili kwa mpigo, juu kabisa, kule ambako vidole vyangu vilikuwa havifiki. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba bodaboda mmoja tu angeifuta yote, ila siku hizo bodaboda hazijajaa. Mama aliacha kukanyaga cherehani. Mguu ulibaki kwenye pedali, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano, na midomo yake ilikuwa inatembea na maneno ya wimbo ambao mimi sikuujua. Sikuwahi kumwona mama hivyo. Nilikuwa na sehemu mbili za kuangalia, vidole vya mzee au uso wa mama, na nikashindwa kuchagua.

Akasimama katikati ya wimbo.

“Gitaa la nani hili?”

“Langu, mzee.”

“Nauliza, la bendi gani?”

“Si la bendi. Nimenunua.”

“La kwako mwenyewe? Ukitaka unalala nalo?”

Mama akacheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Ndipo akaeleza: dansi likiisha, vyombo vinahesabiwa usiku uleule na kufungiwa stoo. Ukigombana na uongozi unaondoka na vidole vyako tu. Watu wanakumbuka jinsi wanamuziki wa bendi ya Mlimani Park walivyohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, wanasimulia nani alimfuata nani. Yeye alichouliza habari zilipomfikia ni kule waendako kuna magitaa ya namna gani.

Aliliazima. Likakaa kwake muda mrefu kuliko tulivyokubaliana, likarudi limefungwa nyuzi nene zaidi na betri imetolewa, imefungwa kwenye gazeti, kana kwamba ni jino. Alisema sasa linasikia. Mimi naona lilikuwa linasikia tangu mwanzo, lakini nyuzi zile nene sikuzibadili mpaka zilipokatika zenyewe.

Akiwa anaondoka, suruali kwapani, alinigeukia: “Siku ukiamua kuliuza, niambie mimi kwanza.”

Nikamwambia sawa, mzee. Hajarudia tena neno hilo, na gitaa sijaliuza. Kuna siku nadhani alikuwa analitaka. Kuna siku nadhani alikuwa ananifunga ili nisije nikaliuza kwa mtu yeyote. Mke wangu, ambaye hakuwepo lakini ana uhakika, anasema mzee alikuwa anatafuta nauli tu.

Nauli nilimpa.