Nilivyoifuata Ascension Hadi Kampala

Nilikwenda Kampala kusikiliza santuri moja pamoja na mtu mmoja. Santuri ni Ascension ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, na mtu ni mzee mstaafu wa bendi ya polisi ya Uganda, mpiga tarumbeta, aliyeishi na nakala yake tangu mwaka 1972. Rafiki yangu mkusanyaji wa Mwanza ndiye aliyenidokeza habari zake, na tangu hapo sikutulia.

Kwa asiyeijua, Coltrane aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, tarehe 28 Juni 1965, akiwa na wenzake 10. Saksafoni tano, tarumbeta mbili, piano, besi mbili, ngoma. Wakapiga kibao kimoja cha karibu dakika 40, wakakirudia tena mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Impulse walipoitoa santuri mwaka 1966 walitumia rekodi moja kati ya hizo mbili. Coltrane akasema aliyoikusudia ni ile nyingine, basi nakala zilizofuata zikabadilishwa muziki huku kava likibaki lilelile na namba ileile. Nakala za toleo hilo la pili zilitambulishwa kwa maneno "EDITION II" yaliyokwaruzwa kwenye ukingo mtupu, pale sindano inapozunguka baada ya muziki kwisha. Asiyechungulia hapo hajui alichonunua. Leo zote mbili unazipata kwenye simu ukiwa umelala kitandani. Mzee hapatikani kwenye simu.

Niliondoka Bukoba alfajiri na begi la nguo, na begi jingine la santuri tatu nilizozifunga kwa kanga: Spiritual Unity ya Albert Ayler, Mwandishi ya Herbie Hancock, na Kawaida iliyorekodiwa Desemba 1969 chini ya mpiga ngoma Albert Heath. Daraja la Kyaka, lile lililovunjwa katika vita vya 1978, tukalipita watu wakisinzia. Pale Mutukula afisa wa forodha alifungua kanga, akaitazama ile ya Ayler mbele na nyuma, akauliza kama bado kuna mashine za kuchezea vitu hivi. Nikamwambia ndiko ninakoelekea. Akanifungia yeye mwenyewe, vizuri kuliko nilivyokuwa nimefunga.

Toka mpakani hadi Kampala nilipanda taksi, maana Uganda basi dogo ndilo taksi. Kyotera, Masaka, Nyendo. Lukaya wauzaji walituzingira madirishani na mishikaki ya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mstari wa Ikweta pale Kayabwe watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa naisubiri Mpambire, kijiji cha mafundi ngoma kabla ya kufika Mpigi, na nikashuka makusudi ingawa kondakta alinishangaa.

Ngoma zimepangwa kando ya barabara kuanzia zile za kupakata hadi zinazomfika mtu kifuani. Fundi niliyemkuta alikuwa anawamba engalabi, ile ngoma ndefu ya Baganda inayovaa ngozi ya kenge. Kenge ni mwembamba wa ngozi, kwa hiyo fundi havuti kwa nguvu. Aliibana ngozi mbichi kwa vijiti vya mti mdomoni mwa gogo, kijiti hapa, kijiti ng'ambo ya pili, akizunguka taratibu ili mvutano usizidi upande wowote. Baada ya kila vijiti viwili aligonga katikati kwa kidole kimoja na kuinamisha sikio. Ngozi ilikuwa bado na maji, haina mlio wa maana, lakini yeye alisikia kitu na kusogeza kijiti kwa upana wa ukucha. Nilikaa pale muda mrefu, nikanunua ngoma ndogo ya kumshukuru, kisha nikadaka taksi nyingine.

Mzee anakaa Nsambya, vyumba viwili nyuma ya duka. Majirani wote humwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini, kikavu, chenye amri ndani yake, na nilikipenda tangu salamu ya kwanza. Nikampa shikamoo, akaipokea kwa furaha, kwa sababu huko ni wachache wanaoitoa.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula njiani, mzee."

"Basi utakula tena. Halafu tutaona kama masikio yako yana njaa."

Baada ya matoke na karanga alitoa santuri chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati la askari. Mgongo wa kava ulikuwa bado na ile rangi ya chungwa na nyeusi ya Impulse. Ndani, juu ya maelezo ya A. B. Spellman, kuna jina la mtu limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa shule. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, vitu vya nyumbani viliuzwa barazani kwa bei ya kutupa. Mzee, wakati huo kijana mgeni katika bendi, alinunua santuri mbili kwa mwenye duka aliyekuwa akifungasha. Aliichukua hii kwa sababu ya picha ya saksafoni. Yule bwana alimwambia ni ya mwanawe na kwamba isikilizwe usiku. Mzee hajawahi kulifuta lile jina, wala hapendi mtu aliguse kwa kidole. Nami sitalitaja hapa.

Tukaichungulia pamoja kwa tochi ya simu. Niliinamisha santuri mpaka mwanga ukateleza juu ya ukingo wa ndani. Namba zipo, mikwaruzo midogo ipo. "EDITION II" haipo, upande huu wala upande ule. Mikono ilinitetemeka. Mzee alikuwa ameishi zaidi ya miaka 50 na rekodi ile ambayo mwenyewe Coltrane aliiondoa, bila kujua kwamba kuna nyingine.

Amplifaya yake ina vidude vya kuzungusha vya bati, na spika moja imeshonwa kitambaa cha shati. Akaweka sindano, akaketi mikono magotini. Ule mwanzo unaujua kama umewahi kuusikia: Coltrane anatamka sauti chache, wenzake wanazidaka kila mtu kwa wakati wake, na baada ya dakika moja hakuna aliyebaki pwani. Nimeusikiliza muziki huu kwa miaka na mara nyingi nimechoka njiani, hasa pale kundi zima linaporudi baada ya kila anayepiga peke yake. Mzee aliona ninavyokunja uso.

"Unawasikiliza wote," alisema. "Huwezi. Hata mkuu wa bendi hawezi. Mchague mmoja, mshike, usimwache mpaka anyamaze. Halafu hamia kwa mwenzake."

Nikamshika mpiga besi mmoja, Art Davis au Jimmy Garrison sikujali yupi, na kila kitu kikapanuka. Kelele ikageuka nafasi yenye watu ndani yake.

Kwenye kugeuza upande hakuna kuongea, ndiyo sheria ya nyumba. Lakini mama muuza gonja wa pale nje, mwenyeji wa Bunia, Kongo, alikuwa amesimama mlangoni na jungu lake, na yeye hafungwi na sheria.

"Afande, hapo wanapiga wangapi?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Ni kama kanisani kwetu watu wote wakiomba pamoja, kila mtu na yake." Akaweka jungu chini, akabaki mpaka mwisho.

Karibu na mwisho wa upande wa pili, wote wakanyamaza akabaki Elvin Jones peke yake na ngoma. Hapo ndipo nilipothibitisha kwa masikio kile nilichokiona kwa tochi, maana katika toleo la pili ule mchezo wa peke yake haumo. Ni sehemu fupi. Kama ingekuwa juu yangu, Coltrane angeubakiza, na nasema hivyo kwa heshima zote kwake.

Usiku tuliingia kwenye begi langu. Ayler alimwingia Mzee moja kwa moja. Spiritual Unity ilirekodiwa Julai 1964 na watu watatu tu, Ayler, Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye ngoma, na Mzee alisema huyu anapiga mwendo wa gwaride ambalo askari wake wametoroka. Ayler kweli alipita bendi ya jeshi la Marekani, akawekwa Ufaransa, na mtu wa bendi alimjua mwenzake bila kuambiwa. Ila ule uhusiano wa Kiswahili ndio uliomsisimua zaidi. Nilimweleza jinsi Mtume, kijana wa familia ya Heath aliyekuwa katika jumuiya ya Maulana Karenga, mwanaharakati wa Wamarekani Weusi, alivyowagawia majina ya Kiswahili wanamuziki waliokuwa karibu naye, na jinsi kikundi cha Hancock kilivyoyachukua. Akainuka. Akasimama wima katikati ya chumba akaita kama siku ya ukaguzi, nami nikijibu.

"Mwandishi!"

"Piano, afande!"

"Mchezaji!"

"Besi!"

"Jabali!"

"Ngoma!"

"Mganga!"

"Tarumbeta!"

"Mwile!"

"Klarineti ya besi!"

"Pepo Mtoto!"

"Tromboni!"

Kisha akakaa na kuisikiliza Mwandishi yote bila neno. Kwenye Kawaida, pale mpiga tarumbeta Don Cherry anapoingia, alifumba macho. Aliniuliza kama watu hawa walipata kufika kwetu kujua lugha yetu inavyosemwa mtaani. Nilimwambia waliichukua kwa sababu waliitaka iwe yao pia, na mimi ninaona walifanya vema. Tukakubaliana.

Asubuhi yake Mzee ndiye aliyesema twende Busoga. Alisema kuna jambo limebaki wazi kuhusu ile santuri na hawezi kulimaliza akiwa amekaa kwenye kiti. Njiani, katika taksi ya kwenda Iganga, alinieleza kuhusu amadinda, marimba ya mbao ya Baganda. Akiwa kijana alikuwa akienda Makumbusho ya Uganda siku ya mapumziko kumsikiliza Evaristo Muyinda, aliyewahi kuwa mwanamuziki wa Kabaka, akionyesha ala pale. Amadinda ina mbao 12 na wapigaji watatu. Omunazi anapiga mfululizo wake, omwawuzi anayeketi ng'ambo anachomeka wa kwake katikati ya mapigo ya mwenzake, kasi inaongezeka maradufu, na omukoonezi, mwenye mbao mbili tu za mwisho, anaokota sauti zinazotokea humo na kuziitikia. Gerhard Kubik wa Austria alijifunza kwa Muyinda, kisha akaandika juu ya nyimbo zinazosikika katika muziki huo ilhali hakuna mkono wa mtu mmoja unaozipiga. Mei 1966, jeshi la Obote liliposhambulia Lubiri ya Mengo, yaani ikulu ya Kabaka, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbia, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Mzee alisimulia hilo akitazama nje, msitu wa Mabira ukipita. Ni mwaka uleule ambao Ascension iliingia madukani Marekani, na hata sasa siwezi kuutaja mwaka mmoja bila kuukumbuka mwingine.

Tulivuka Nile kwa lile daraja jipya la Jinja. Toka Iganga, bodaboda mbili, vumbi, mashamba ya miwa, kisha kijiji. Embaire, marimba ya Wasoga, ni kubwa mno kubebwa. Wamechimba shimo ardhini, juu yake wakalaza migomba miwili, na juu ya migomba zimepangwa mbao, nene kwa upande mmoja, zikipungua hadi fupi kabisa. Shimo ndilo linalotoa ule mvumo. Vijana walikaa pande zote mbili wakitazamana, wawili, kisha wanne, kisha sita, na mmoja akaanza peke yake kama mtu anayepima maji. Kundi la Nakibembe, ambalo santuri yake ilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2023, hupiga ala ya namna hii, na nilidhani kwa kuwa nimeisikiliza nimeijua.

Mzee alinishika kiwiko. Tukasimama kwenye mbao nene, tukasikia wimbo mmoja, wa chini, wenye subira. Tukatembea hatua chache hadi katikati, ule ukapotea, ukaja mwingine wenye kasi. Kwenye mbao fupi kulikuwa na wa tatu. Wapigaji hawakuwa wamebadilisha chochote. Tulilizunguka lile shimo mara kadhaa, wazee wa kijiji wakitucheka kwa upole, mpaka mmoja wao akaja kuungana nasi na kutuonyesha mahali anapopenda yeye kusimama, kwenye pembe upande wa mchezaji wa mwisho.

Tuliporudi Nsambya, Mzee aliweka Ascension tena, ila safari hii hakuna aliyekaa. Nilisimama ubavuni mwa spika ya kulia, yeye ya kushoto, kisha tukabadilishana kila baada ya mpigaji mmoja kumaliza. Mama wa gonja alichagua mlango. Kila mmoja alikuwa akiwaambia wenzake alichokipata kwake, na kwa dakika zile 40 sikuchoka hata mara moja.

Mzee sasa anataka toleo la pili, na anataka ile yenye mkwaruzo wa "EDITION II", si diski wala simu. Nimeshaanza kuulizia Dar es Salaam na Nairobi. Ameomba pia chochote cha Art Ensemble of Chicago cha mwaka 1969, walipokuwa Paris, na Spiritual Unity yangu imebaki kwake mpaka nitakapopata vyote viwili.