Kalenda ya giza: kumbukumbu ya mradi wangu, Kigoma

Mwisho wa Agosti 2025

Mchana naandika programu za malipo kwa kampuni iliyo mbali na hapa. Ofisi yangu ni meza moja dirishani, mtaa wa Mwanga. Jioni ni zangu, na safari hii nimezitoa kwa mama mdogo.

Mama mdogo anauza dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: giza likiwa totoro, mwanga wa taa huwavuta hadi juu ya wavu. Mbalamwezi ikitanda, taa inapoteza nguvu na vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni. Kwa hiyo biashara yake yote inakwenda na mwezi: pesa iwe mkononi lini, vijana wa kuanika waitwe lini, gunia la akiba litolewe lini. Nimemwahidi kalenda itakayomjia kwa meseji, maana anatumia kitochi.

Nimeanza na hesabu fupi. Nachukua mwezi mpya wa 6 Januari 2000, saa 3:14 usiku kwa saa zetu, nahesabu siku zilizopita tangu hapo, nagawanya kwa 29.530588, wastani wa siku kutoka mwezi mpya mmoja hadi mwingine. Baki inaniambia mwezi umefika wapi. Mistari 12 ya Python, lugha ya kuandikia programu, basi.

5 Septemba

Programu inasema jua limezama saa 12:20 jioni. Nimetoka nje nikaliona jua zima juu ya ziwa, upande wa Kongo. Kumbe nilinakili majiranukta (namba za mahali kwenye ramani) ya Dar es Salaam kutoka kwenye kazi ya ofisini. Dar iko karibu nyuzi 39.2 mashariki, sisi 29.6, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Ndiyo maana jua letu linachelewa karibu dakika 40. Nimerekebisha namba mbili tu, lakini nimefurahi kana kwamba nimemaliza kazi nzima.

7 Septemba

Leo mwezi umepatwa, na kupatwa kwa mwezi hakutokei ila mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo ulikuwa mtihani wa programu yangu. Tulikaa ufukweni na mama mdogo. Kufikia saa 2:30 usiku mwezi wote ulikuwa umeingia kivulini, mwekundu kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Katikati ya tukio ilikuwa saa 3:11. Programu ilikuwa imetaja mwezi mpevu saa 2:19. Chini ya saa moja! Nililala nikiamini nimepatia.

Oktoba

Nimempelekea mama mdogo kalenda ya kwanza: "Mwezi mpevu Jumanne, 7 Oktoba." Akaisoma, akaniangalia.

"Mwanangu, mwezi mpevu hata mimi nauona. Mimi nataka giza. Giza linaanza saa ngapi, linaisha saa ngapi?"

Sentensi hiyo imebadilisha mradi wote. Baada ya mwezi kupevuka, kila siku unachelewa kuchomoza kwa takribani dakika 50. Usiku wa nne tayari kuna kama saa tatu za giza kabla haujatoka nyuma ya vilima, na saa tatu zinawatosha watu kuingia ziwani. Mimi nilikuwa natafuta jina la hali ya mwezi. Yeye alikuwa anatafuta saa za kazi.

Nimefuta mistari yote 12. Sasa napiga hesabu ya mahali mwezi ulipo angani, kisha saa za kuchomoza na kutua kwa hapa Kigoma. Saa zinaandikwa kwa Kiswahili, na usiku unaitwa jinsi tunavyouita: "usiku wa kuamkia Jumatano". Hilo la mwisho lilinichukua jioni mbili, kwa sababu kompyuta inabadilisha tarehe saa sita usiku, ilhali mvuvi aliyeingia ziwani saa 1 anarudi akiwa bado kwenye usiku uleule.

5 Novemba

Nimelinganisha hesabu ya zamani na mpya. Mwezi umepevuka leo saa 10:19 jioni. Ile ya zamani ingesema saa 3:47 usiku, zaidi ya saa tano nje! Njia ya mwezi si duara kamili: ukiikaribia dunia unakwenda kasi, ukiwa mbali unapunguza, na 29.53 ni wastani tu. Septemba nilibahatisha.

Meseji zinatoka kwenye simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nimeweka Termux, programu inayoniwezesha kuendesha Python kwenye simu. Juzi kila meseji ilikatwa salio la mbili. Nimetafuta kosa hadi usiku mkubwa. Kumbe ni kile kialama cha juu (apostrofi) katika neno "unang'aa": nilikuwa nimebandika cha kupinda badala ya kilichonyooka. Herufi hiyo moja inashusha nafasi ya meseji kutoka herufi 160 hadi 70. Nimeinyoosha, meseji imerudi kuwa moja.

Sasa hivi

Nimeongeza sehemu ya kunyamaza ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Meseji ya giza zuri wakati nyavu ziko nyumbani ingemuumiza mtu bure.

Kilichobaki ni upepo. Wiki iliyopita giza lilikuwa safi kuanzia saa 1 jioni, meseji ikafika kwa wakati, na hakuna kipe kilichotoka. Mama mdogo amesema nianze kuja ufukweni alasiri, anionyeshe mawimbi wanayoyaangalia.