Wazazi wa Chuoni St Andrews

Mpwa wangu wa Kisauni anajiandaa kwenda kusoma Uskoti, na kinachomsumbua si masomo bali ni kwamba, katika mji mdogo usio na hata stesheni ya treni, hajui atazungumza na nani. Mimi nilisoma St Andrews, chuo kilichoanzishwa mwaka 1413, na nimemweleza kuwa udogo wa mji ulitufaa sana, kwani pasipokuwa na pa kwenda jioni watu hulazimika kutafutana.

Huko wanafunzi waliotangulia humchukua mgeni wakawa baba na mama yake wa chuoni, kisha katika muhula wa kwanza watoto wote hukusanyika uwanjani kurushiana povu la kunyolea ndevu hadi wasitambulikane. Nililelewa Mji wa Kale, Mombasa, ambako kila mtu mzima mtaani ana haki ya kukukanya, kwa hiyo wazazi wa ziada hawakunishangaza. Kilichonishangaza ni kuwa walikuwa karibu rika langu.

Karamu nyingi zilikuwa za pombe, nami nilikaa kando hadi nilipojiunga na chama cha wanafunzi Waislamu, ambako tulifuturu pamoja na hata wasiofunga walikaribishwa. Ama desturi ya kuingia Bahari ya Kaskazini alfajiri ya tarehe 1 Mei, nimemwambia mpwa wangu aitazame kwanza akiwa ufukweni, amevaa koti.